Drili ya betri kwa kazi za nyumbani: Mambo ya kujua kabla ya kununua

Fimbo ya pazia ina wiki tatu imeegemea kona ya sebule. Fundi aliahidi kuja Jumamosi, na Jumamosi imeshapita mara mbili. Kazi yenyewe ni mashimo manne tu. Wengi wakifika hapo huamua: nitanunua drili yangu mwenyewe.

Uamuzi huo si mbaya. Tatizo huanza dukani. Ukienda Kariakoo jijini Dar es Salaam, au kwenye maduka ya vifaa katikati ya Nairobi, utakuta drili za betri zimepangwa kama simu, kila boksi likijigamba kwa namba kubwa kuliko jirani yake. Moja imeandikwa volti 12, nyingine 21, nyingine 48, nyingine 128. Kwa macho zote zinafanana, lakini bei zinapishana sana. Anayefuata namba kubwa na bei ndogo anaweza kubaki na mashine nzima yenye betri iliyokufa, na betri ya aina hiyo haiuzwi popote. Fedha za nyumbani zimekwenda, na fimbo bado iko pale pale.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kuchagua drili ya betri ya bei nafuu kwa mtu asiye fundi. Msingi ni maswali mawili: ukuta wako umejengwa kwa nini, na betri ikichoka utapata wapi nyingine? Mengine yanafuata baada ya hayo.

Je, unahitaji drili yako mwenyewe?

Piga hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Tuseme fundi wa mtaani kwako hutoza shilingi 10,000 kuja kutoboa na kufunga kitu kimoja, na drili unayoitaka inauzwa shilingi 150,000. Hiyo ni sawa na kumwita fundi mara 15. Kama umehamia nyumba mpya na una mapazia, rafu, kioo, runinga na makabati ya jikoni, mara 15 zinaweza kutimia ndani ya mwaka mmoja. Kama umepanga chumba kimoja na unahitaji mashimo mawili, mwite fundi au azima drili kwa jirani. Weka bei za mtaani kwako kwenye hesabu hiyo na utapata jibu.

Katika bei ya drili ongeza pia biti, yaani vile vyuma vyenye ncha vinavyotoboa, pamoja na plagi za ukutani na skrubu. Wengi husahau gharama hii, kisha hufika nyumbani na mashine isiyoweza kufanya kazi siku hiyo.

Na mpangaji asisahau jambo moja: mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa ukuta wake.

Anza na ukuta, si na drili

Kwa mbao, bodi za samani, dari ya jipsamu na bati jembamba, drili yoyote nzuri ya betri inatosha, hata ile ndogo ya volti 12. Ni nyepesi, haichoshi mkono, na hufunga skrubu za bawaba na vitasa vizuri.

Matofali ya saruji, matofali ya kuchoma na mawe ya kuchongwa yaliyojenga nyumba nyingi za Nairobi yanataka zaidi. Hapa unahitaji drili yenye kazi ya kugonga. Utaitambua kwa alama ndogo ya nyundo kwenye pete iliyo nyuma ya mdomo wa drili. Ukiichagua alama hiyo, biti huzunguka na wakati huohuo hugongwa mbele na nyuma maelfu ya mara kwa dakika, na ukuta huvunjika kidogo kidogo. Drili isiyo na alama ya nyundo itazunguka tu juu ya tofali, itapata moto na kuua biti.

Nyumba za kale za Zanzibar, Lamu na Mombasa zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo si sawa kote: hapa chokaa laini, pale jiwe gumu. Anza polepole bila kugonga, na uwashe nyundo pale tu biti inapokataa kuendelea.

Kigumu kuliko vyote ni zege. Na hapa ndipo wengi hukwama bila kujua sababu. Fimbo ya pazia hufungwa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ndipo ilipo linta, mkanda wa zege wenye nondo ndani. Katika nyumba nyingi mkanda huo huzunguka nyumba yote. Kwa hiyo kazi inayowafanya watu wengi wanunue drili ndiyo hiyohiyo inayoishinda drili ndogo. Biti huingia sentimita moja kwenye plasta, kisha inasimama, na mwenye drili anadhani ameuziwa mashine mbovu.

Kuna njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kupandisha fimbo juu kidogo, ivuke linta na kuingia kwenye matofali. Ya pili ni kutoboa kwa hatua: anza na biti ya milimita 5, kisha ya 6, kisha ya 8 ikibidi, huku ukipumzisha drili kila baada ya muda mfupi. Biti ikigonga nondo, usilazimishe. Hamisha shimo sentimita chache. Ya tatu ni kuazima au kukodi ile drili nzito ya zege ambayo nyundo yake ina pistoni ndani na biti zake huingia kwa kubofya badala ya kukazwa. Mashine hiyo hufanya kwa sekunde kazi ambayo drili ndogo huifanya kwa dakika kadhaa.

Kwa nyumba ya kawaida ya matofali, basi, chaguo la wastani ni drili ya volti 18 yenye alama ya nyundo na gia mbili. Kama kazi zako zote ni za mbao, volti 12 itakutosha na itakuokolea fedha.

Namba za kwenye boksi zina maana gani?

Tuanze na volti. Drili za kisasa hutumia seli za lithiamu, na kila seli ina volti 3.6 kwa wastani. Seli tano zikiungwa kwa mfuatano hutoa volti 18. Seli hizohizo tano zikiwa zimetoka tu kuchajiwa hufika karibu volti 21. Ndiyo maana utaona drili moja imeandikwa 18, nyingine 20 na nyingine 21, na zote zina seli tano ndani. DeWalt, kwa mfano, huuza Marekani kwa jina la volti 20 mfumo uleule ambao Ulaya unauzwa kwa jina la volti 18. Vivyo hivyo, drili ya volti 12 huwa na seli tatu, na volti zake za wastani ni 10.8. Usilipe zaidi kwa sababu ya tofauti ya 18 na 21 peke yake.

Vipi kuhusu 48, 88 au 128? Mara nyingi namba hizo hufuatwa na herufi VF. Kipimo cha volti ni V peke yake. VF si kipimo cha volti, bali ni maandishi ya kibiashara. Kufikia volti 128 za kweli kungehitaji seli zaidi ya 30, na betri ya namna hiyo haiwezi kukaa kwenye kishikio cha drili ya mkono. Hesabu hiyo moja inatosha kukulinda.

Namba ya pili ni ampea-saa, herufi Ah. Hii ndiyo inayoeleza betri inabeba umeme kiasi gani. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Betri ya volti 12, ukihesabu kwa 10.8, yenye ampea-saa 1.5 ina takriban 16. Ukilinganisha drili mbili, linganisha wati-saa, utaona wazi ipi inadumu kazini.

Ya tatu ni nguvu ya kukaza, herufi Nm. Kwa drili ya nyumbani ya volti 18, kati ya 30 na 50 ni kiwango cha kuridhisha. Chini ya hapo skrubu ndefu kwenye mninga au mtiki itakusumbua.

Ya nne ni mizunguko kwa dakika. Drili ya gia mbili huwa na mwendo wa chini, kama mizunguko 400, kwa kufunga skrubu, na mwendo wa juu, kama 1,400, kwa kutoboa. Drili ya gia moja hulazimika kufanya kazi zote mbili kwa mwendo mmoja, na moja kati ya hizo huifanya vibaya.

Kuna pia pete yenye namba 1 hadi 15, 18 au zaidi. Hiyo ni klachi. Ukiiweka kwenye namba ndogo, drili huacha kukaza skrubu inapofika mwisho, ili isivunje bodi wala kuharibu kichwa cha skrubu. Anza na namba ndogo, upande taratibu.

Mwisho, utasikia muuzaji akisifu mota isiyo na kaboni. Ni kweli mota hiyo hudumu zaidi na hula betri kidogo. Lakini kwa mtu anayetoboa mara chache kwa mwezi, mota ya kawaida yenye kaboni inatosha. Tofauti ya bei afadhali uitumie kununua betri ya pili.

Betri ndiyo drili

Mwaka 1961 kampuni ya Marekani ya Black & Decker ilipotoa drili ya kwanza ya betri, ilitumia seli za nikeli na kadimiamu zenye volti 4.8 tu. Tangu hapo umbo la drili halijabadilika sana. Kilichobadilika ni betri. Na hadi leo betri ndiyo sehemu ghali, na ndiyo huchoka kwanza. Mwili wa drili unaweza kudumu miaka mingi nyumbani. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei ya drili. Muulize: “Betri ya akiba ya drili hii unayo leo? Ni shilingi ngapi?” Kama hana, na duka la pili halina, na la tatu halina, fahamu kwamba unanunua kifaa cha muda. Kama anayo, jumlisha bei ya drili na bei ya betri moja ya akiba. Jumla hiyo ndiyo bei ya kweli ya drili, na ndiyo ya kulinganisha kati ya boksi na boksi.

Hapa kuna faida ya kuchagua chapa yenye familia ya vifaa. Kampuni kama Makita, Bosch, Total na Ingco hutengeneza vifaa vingi vinavyotumia betri ya aina moja. Ukishakuwa na betri na chaja, siku nyingine unanunua msumeno au taa ikiwa tupu, bila betri, kwa bei ndogo zaidi. Lakini angalia: kampuni moja inaweza kuwa na familia mbili zisizoingiliana. Bosch ina vifaa vya kijani vya nyumbani na vya bluu vya mafundi, na betri ya volti 18 ya kijani haiingii kwenye kifaa cha bluu.

Jihadhari pia na uzito unaodanganya. Seli ya kawaida ya lithiamu, yenye unene wa milimita 18 na urefu wa 65, ina uzito wa takriban gramu 45 na haizidi sana ampea-saa 3.5. Betri fupi yenye safu moja ya seli tano za aina hiyo haiwezi kuwa na ampea-saa 6. Ikiwa nyepesi mkononi na maandishi ni makubwa, amini mkono wako.

Na drili za mtumba kutoka Ulaya? Mwili unaweza kuwa mzuri na wa kampuni kubwa, lakini nyingi za zamani zina betri za nikeli na kadimiamu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza betri hizo kwa vifaa vya aina hii kuanzia mwisho wa mwaka 2016, kwa hiyo mbadala wake ni shida kupata. Usinunue drili ya mtumba bila kuiona ikitoboa kwa dakika kadhaa kwa betri yake yenyewe.

Ukiletewa na ndugu kutoka nje

Wengi huagiza drili kwa ndugu walioko Dubai, Muscat, Ulaya au Marekani. Mambo mawili yaangaliwe kabla ndugu hajalipa.

Kwanza ni chaja. Tanzania na Kenya zinatumia umeme wa volti 230 hadi 240. Marekani wanatumia 120. Chaja iliyoandikwa 120 peke yake itaungua ukiichomeka hapa, hata kama umeweka adapta ya plagi, kwa sababu adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Tafuta maandishi 100–240 au 220–240 mgongoni mwa chaja.

Pili ni safari ya ndege. Betri ya akiba ya lithiamu hairuhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Abiria huibeba mkononi, huku ncha zake zikiwa zimefunikwa. Kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina 36, na hata ya ampea-saa 5 ina 90, kwa hiyo zote zinapita. Drili yenyewe na biti ziende kwenye mzigo mkubwa, maana vifaa vya ufundi huzuiwa kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi.

Jaribu kabla ya kulipa

Muuzaji mwema hatakukatalia kuiwasha drili. Funga biti nyembamba, bonyeza kitufe na uitazame ncha. Ikichora duara badala ya kusimama wima, mdomo umepinda. Bonyeza kitufe kidogo, kisha zaidi. Mwendo unapaswa kuongezeka taratibu, si kuruka ghafla. Badilisha gia, geuza mzunguko kinyume, washa alama ya nyundo. Vuta biti kwa mkono uone kama mdomo unashika. Chomeka chaja uone taa yake.

Kisha dai risiti. Kwa Tanzania iwe ya EFD. Hakikisha imeandika jina la bidhaa na muda wa waranti, na uulize waziwazi kama waranti hiyo inahusu betri. Mara nyingi betri ina muda wake mfupi zaidi.

Biti na fisha: vitu vidogo vinavyoamua kazi

Drili nzuri yenye biti mbaya ni sawa na kisu butu. Nunua biti chache, lakini sahihi. Biti ya ukuta ina ncha pana ya chuma kigumu cha kabidi. Biti ya mbao ina kisindano katikati. Biti ya chuma imechongwa kwa ukali, na hutumiwa kwa mwendo wa chini bila nyundo. Usitumie biti ya chuma ukutani. Itakuwa butu kabla ya shimo la pili.

Ile plagi ya plastiki ya ukutani, ambayo mafundi wengi huiita fisha, imepata jina lake kwa Artur Fischer, Mjerumani aliyeivumbua mwaka 1958. Kanuni yake ni rahisi: fisha ya milimita 6 huingia kwenye shimo la milimita 6, na ya 8 kwenye shimo la 8. Shimo liwe refu kuliko fisha kwa kama sentimita moja, na vumbi litolewe kabla ya kuiingiza. Fisha ikiingia bila kugongwa kidogo, shimo limekuwa pana, na rafu itakuja chini pamoja na vyombo.

Kabla ya kutoboa: umeme na maji

Nyaya za umeme ndani ya ukuta mara nyingi hupita wima, kutoka kwenye dari hadi kwenye swichi au soketi. Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi, wala juu au chini ya bomba la maji. Hapa drili ya betri ina faida ambayo drili ya waya haina: unaweza kuzima swichi kuu ya nyumba nzima na bado ukaendelea kutoboa. Fanya kazi mchana ili uone vizuri, na zima umeme kila unapokuwa na shaka.

Vaa miwani, hasa unapotoboa juu ya kichwa. Simama kwenye ngazi imara, si kwenye kiti cha plastiki. Toa betri kabla ya kubadilisha biti, na usiiache drili yenye betri mahali ambapo watoto wanafika.

Ili betri idumu

Adui wa betri ya lithiamu ni joto. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala kwenye paa. Ikitoka kazini ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza ndipo uichaji. Usiichaji kitandani au juu ya kochi, na usiiache kwenye chaja usiku kucha. Kama huitumii kwa wiki kadhaa, ihifadhi ikiwa na chaji ya nusu, mahali pakavu na penye ubaridi. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwenu, chomoa chaja hadi utulie, kwa sababu mshtuko wa umeme unaporudi unaweza kuiunguza.

Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayotoa harufu isichajiwe tena, wala isitupwe motoni.

Kwa ufupi

Kwa nyumba ya matofali, tafuta drili ya volti 18, ile ambayo boksi jingine huiita 20 au 21. Iwe na alama ya nyundo, gia mbili, nguvu ya kukaza ya 30 au zaidi, na betri ya ampea-saa 2. Hakikisha betri ya akiba inauzwa katika mji wako. Fedha ikipungua, punguza mbwembwe za boksi, usipunguze betri wala biti. Na kabla ya kutoka, gonga ukuta ulio juu ya dirisha lako ujue kama ni tofali au ni linta. Ukilijua hilo kabla ya kwenda dukani, utajua kama drili ndogo itakutosha au utahitaji kuazima ile kubwa.